Dola 250 mkononi: nataka sauti ya sinema nyumbani, Lubumbashi, na safari hii sitaki kukosea

MwanaKamalondo (mleta uzi)

Jambo wandugu wote. Niko Kamalondo, hapa Lubumbashi. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nawaomba mnivumilie, maana pesa zangu zimeshakwenda na maji mara moja.

Desemba nilinunua mtambo wa sauti mjini kwa dola 180. Kwenye karatoni wameandika 5.1, wameandika wati 12,000. Ndani kuna bafle (spika) tano ndogo na sabufa, ile spika ya milio mizito, yenye taa za buluu zinazocheza kwa mdundo. Muuzaji aliupigia muziki pale mlangoni, wapita njia wakasimama. Niliubeba hadi nyumbani kwa furaha ya kweli kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, hatoki sana. Jioni akishakula bukari yake (ugali) anapenda filamu. Sikio lake la kushoto limepungua, na mimi nilitaka asikie watu wanachosema, basi.

Ikawa kinyume. Sabufa inatikisa vikombe kabatini, magari na risasi zinajaa nyumba, lakini mtu akifungua kinywa kwenye filamu maneno yanazama. Mama ananiuliza kila dakika, "Amesema nini?" Nikiongeza, unakuja mlipuko anashtuka. Nikipunguza, maneno yanapotea. Siku ya nne aliniambia kwa upole tuzime hizo bafle turudi kwenye sauti ya televisheni yenyewe. Iliniuma.

Jambo lingine: usiku mmoja niliweka sikio kwenye bafle ya nyuma, kisha ya mbele, kisha ya katikati. Zote zinasema kitu kilekile, neno kwa neno. Hapo nikajua kuna kitu sikielewi.

Mtambo nimeshamuuzia kijana mmoja anayeutaka kwa muziki tu, na nilimweleza ukweli wote. Nikaongeza akiba, sasa nina dola 250. Chumba ni mita 4 kwa 5, kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, juu dari la mbao nyembamba chini ya mabati. Televisheni ni ya inchi 43, ina matundu mawili ya HDMI, moja limeandikwa ARC, lile linaloweza kurudisha sauti ya televisheni kwenye mtambo. Tunatazama dekoda na filamu za flash. Umeme wetu mnaujua.

Ninunue nini?

FundiShaba

Pole sana ndugu, na mama umsalimie. Natengeneza redio na ampli hapa komini ya Kenya, Lubumbashi hii hii, miaka mingi, na mtambo wa aina hiyo nimeufungua mara nyingi mezani kwangu. Nikuambie kilichomo.

5.1 maana yake ni sauti sita zilizorekodiwa kila moja peke yake: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na hiyo nukta moja ni njia ya milio mizito tu, isiyopanda zaidi ya Hz 120. Sauti hizo sita zinasafiri zikiwa zimefungwa pamoja, mara nyingi kwa fungo la Dolby Digital au DTS. Lazima pawe na kifaa cha kufungua hilo fungo. Tukiite kisimbuzi cha sauti, tusije tukakichanganya na dekoda ya televisheni.

Mtambo wako haukuwa nacho. Kumbuka matundu yake ya kuingizia: USB, bluetooth, na AUX ya waya mwekundu na mweupe, si ndiyo? AUX ya nyaya mbili inabeba sauti mbili. Bluetooth ya kawaida inabeba mbili. USB kwenye mitambo hiyo inasoma nyimbo za sauti mbili. Halafu saketi ya ndani inachukua hizo mbili na kuzigawia bafle zote tano. Kwa hiyo ile ya katikati, ambayo kwenye filamu ndiyo nyumba ya maneno, ilikuwa inapewa maneno, muziki na risasi vyote kwa pamoja. Mama alikuwa sahihi kabisa kutosikia.

Kuhusu wati 12,000: siku nyingine pindua mtambo usome kibandiko cha nyuma. Kinaandika 220V, 50Hz, na wati unazokula kutoka ukutani. Kama unakula 80, hauwezi kukupa hata 100 kwa kuendelea, maana sehemu nyingine inaishia kuwa joto. Namba ile kubwa huitwa PMPO na haina kipimo ambacho viwanda vimekubaliana. Tafuta iliyoandikwa RMS. Na usiogope namba ndogo: bafle nyingi za nyumbani zinatoa desibeli 85 hadi 90 kwa wati 1 ukiwa mita 1 mbele yake, na mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama 60. Chumba chako kinatosheka na wati chache za kweli.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na taa za buluu ndizo kinyemi chenyewe. Safari hii nenda dukani ukitazama nyuma ya mtambo kwanza, ndipo utazame mbele.

MamaWaKatuba

Mwanangu, umefanya vizuri kumfikiria mama yako. Mimi nilipita njia fupi. Nilinunua ile bafle moja ndefu inayokaa chini ya televisheni, pamoja na sabufa ndogo. Inaunganishwa kwa HDMI ya ARC, waya mmoja tu, na telekomando ya televisheni ndiyo inayopandisha sauti. Ina kitufe cha kukuza sauti za watu. Habari nasikia, mahubiri nasikia, filamu nasikia. Milio ya nyuma sina, wala sijaikosa.

Ila kumbuka tunaishi lupango moja, yaani ua mmoja, familia tatu. Mlio mzito haujui ukuta. Maneno ya bafle zangu hayatoki nje, lakini sabufa ilikuwa inamfikia jirani kitandani kwake hadi aliponiambia. Na kukiwa na matanga mtaani, bafle zinazimwa, hilo halina mjadala.

YayaBelAir

Naungana na mama hapo juu. Dola 250 si pesa ya kwenda kukusanya vipande. Zipo seti za kampuni zinazojulikana zenye bafle ndefu ya mbele, bafle mbili za nyuma za waya na sabufa, zote kwenye karatoni moja, zenye tundu la ARC na la mwanga (optical, sauti inapita kwenye waya kama mwanga), na zinafungua Dolby Digital kwelikweli. Sony HT-S20R ni mfano mmoja. Unaunganisha dakika 20, umemaliza. Ukianza habari za risiva (ampli yenye kisimbuzi cha sauti ndani) za okazioni, yaani zilizokwisha tumika, utashinda kwa fundi kila mwezi.

OkazioniRuashi

Yaya, kwa heshima, hapo tunatofautiana. Seti ya karatoni moja ni nzuri siku ya kwanza. Siku ampli yake ikiungua, na kwa umeme huu inaungua, unabaki na nini? Bafle zenye plagi za rangi zisizoingia kwingine, nyingine za omu (kipimo cha upinzani) 3 au 4 ambazo risiva ya kawaida itahangaika nazo. Sabufa yake mara nyingi haina mlango wa kupokea sauti kutoka kwingine, kwa hiyo huwezi hata kuiunganisha kwenye tundu la sabufa la mtambo mwingine. Kitu kimoja kimekufa, vyote vimekwenda nacho.

Risiva ya okazioni kutoka Ulaya, ya miaka 15 au 20 iliyopita, Yamaha, Denon, Sony, Pioneer, Onkyo, inafungua Dolby Digital na DTS zote mbili. Ikiwa haina HDMI bei inashuka sana kwa sababu watu wanaikimbia, lakini ikiwa na tundu la mwanga tu linakutosha kwa 5.1. Bafle unanunua mbili leo, moja mwezi ujao. Ikifa moja, unabadilisha moja.

Lakini usinunue kwa macho. Haya ndiyo ninayofanya kila mara. Naomba iwashwe, nasubiri ule mlio wa "tak" wa relei (swichi ya ndani inayounganisha bafle) baada ya sekunde chache. Isipolia, ampli inajilinda, kuna ugonjwa ndani. Nabonyeza kitufe cha majaribio kwenye telekomando, ule mvumo kama wa maji unazunguka bafle moja moja: kushoto, katikati, kulia, nyuma. Nakuja na bafle yangu mwenyewe na kuihamisha kila mlango. Njia moja ikikaa kimya au ikikwaruza, naondoka. Natazama kibandiko: iwe 220 au 230V. Za Japani ni 100V na za Marekani ni 120V, ukiichomeka hapa ndiyo kwaheri. Na telekomando yake iwepo! Risiva nyingi za zamani, bila telekomando huingii kwenye mipangilio, hata kuiambia umbali wa bafle huwezi.

Za kupitia mpakani Kasumbalesa usishtuke ukikuta plagi ya pini tatu bapa, ni ya upande wa Zambia. Umeme ni uleule wa kwetu, badilisha plagi tu, usitumie vile viadapta vyepesi vinavyocheza na kutoa cheche.

MwanaKamalondo (mleta uzi)

Aksanti sana nyote. Mama wa Katuba, nimekusikia kuhusu lupango. Sisi pia tuko familia nne.

FundiShaba, nimefanya kazi ya nyumbani. Ndugu mmoja aliniambia nifungue filamu zangu kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, niende kwenye taarifa za kodeki, nitazame mstari wa chaneli. Filamu 14 za flash: tano zimeandikwa "3F2R/LFE", tisa zimeandikwa "Stereo". Na nilizinunua zote kama 5.1! Je, nikinunua risiva, zile tisa nitasikia nini? Na dekoda je? Au nimerudi palepale?

FundiShaba

Umefanya jambo la maana kuliko wengi. 3F2R/LFE inasomeka hivi: tatu mbele, mbili nyuma, na njia ya milio mizito. Hiyo ni 5.1 ya kweli. Nyingine zilipunguzwa na aliyezinakili ili zikae nyingi kwenye flash moja.

Hujarudi palepale, na hapa ndipo risiva inapoachana na ule mtambo wako. Risiva za miaka ya 2000 nyingi zina Dolby Pro Logic II, iliyotoka mwaka 2000. Ile inachukua sauti mbili na kuzilinganisha. Kile kinachofanana sawasawa kushoto na kulia, ambacho kwa kawaida ni sauti za watu, inakipeleka katikati. Kinachotofautiana inakiacha pembeni na nyuma. Si kamili kama 5.1 yenyewe, lakini mtangazaji wa habari anatoka kwenye bafle ya katikati, na bafle hiyo unaweza kuipandisha peke yake. Sikiliza vizuri ninachosema: kuipandisha peke yake. Hicho ndicho mama anachokihitaji, na wati elfu ngapi haziwezi kukifanya.

Sasa televisheni. Tundu la mwanga na ARC (iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009) yote yanabeba Dolby Digital ya chaneli sita. Lakini kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni kuna mstari wa sauti ya dijitali. Ukikuta "PCM", televisheni inatuma mbili tu. Badilisha iwe "Bitstream" au "Auto". Nimeitwa nyumba za watu kutengeneza mtambo usiotoa sauti ya nyuma, nikamaliza kazi kwa telekomando bila kufungua parafujo hata moja. Na televisheni nyingine hata hapo zinapunguza kile kinachoingia kwa HDMI, kwa hiyo kama dekoda ina tundu lake la mwanga, ipeleke moja kwa moja kwenye risiva.

GomaNyumbaYaMbao

Nafuatilia kutoka Goma. Nyumba yetu ni ya mbao kama zilivyo nyingi huku, na nina swali la upande wa pili: ninyi mnasema ukuta wa matofali, sisi sauti inatoka nje kama hakuna ukuta. Halafu ubao wenyewe unaimba na sabufa. Mtu afanye nini?

FundiShaba

Ndugu wa Goma, anza bila sabufa. Kweli nakwambia. Bafle mbili nzuri za mbele na ya katikati, uziweke karibu na mahali unapokaa, mita 2 si mita 4, ili usilazimike kupandisha. Tafuta kwenye risiva mpangilio wa usiku: unapunguza milipuko na kuinua minong'ono. Ukija kuweka sabufa, usiipachike kwenye kona wala isiguse ubao, chini yake weka kipande cha godoro la zamani.

Kwa Lubumbashi tatizo ni jingine. Mleta uzi, simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Ukisikia mlio unaorudi kama chuma kinachotetema, hizo ni kuta zako mbili zinarushiana sauti. Maneno yanakufa hapo hata kwa mtambo wa gharama. Weka zulia mbele ya televisheni, pazia zito dirishani, na kitenge kinene au blanketi ukutani nyuma ya kochi. Hiyo ni pesa ndogo kuliko bafle yoyote.

MwanaKamalondo (mleta uzi)

Nimepiga kofi. Linarudi hasa. Mama ameniuliza kama kuna mbu.

Nimeshakwenda Ruashi, komini nyingine ya hapa mjini, mara mbili. Risiva ya kwanza relei haikulia, nikaiacha. Ya pili ni Yamaha isiyo na HDMI, ina matundu mawili ya mwanga, telekomando ipo ingawa kifuniko cha betri kimepotea. Njia tano zote zimevuma. Bei ilianzia 130, tumeishia 95. Sasa swali la waya. Duka moja wanauza "waya wa bafle wa shaba safi", mwembamba, laini, unang'aa, rahisi mno. Ninunue?

MtoWaShaba

Ndugu yangu, usinunue kabla hujaukwangua! Hili linaniuma mimi niliyekulia kwenye kivuli cha bomba la kiwanda. Mji huu umejengwa juu ya shaba, mkoa mzima uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na sisi watu wake tunauziwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, nasi tunalipa!

Chukua wembe. Menya ncha ya waya, shika uzi mmoja, ukwangue taratibu kwa wembe ukiwa umeulaza. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ile ya kupakwa, mikwaruzo mitatu tu, unaona weupe unachungulia. Uzito pia unasema: rola ya aluminiamu ni nyepesi mkononi hadi unashangaa. Na ukiuinamisha uzi huo mara chache unakatika, halafu ukikaa chini ya parafujo unalegea wenyewe baada ya miezi, sauti inaanza kukatika usijue kwa nini.

Nenda duka la vifaa vya umeme wa nyumba, omba waya laini wa taa wa nyuzi mbili, milimita za mraba 1.5. Mita 8 za shaba ya 1.5, kwenda na kurudi, zina upinzani wa kama omu 0.18. Ule mwembamba wa 0.5 unafika 0.55, na kwa bafle ya omu 4 hiyo ni kama sehemu moja ya nane ya nguvu inayoishia kwenye waya. Kama huo wa 0.5 ni wa aluminiamu, ongeza karibu nusu tena.

OkazioniRuashi

Mto wa Shaba amesema kweli tupu. Niongeze moja: kila bafle ina mlango mwekundu na mweusi. Ukigeuza bafle moja tu, ikivuta wakati mwenzake anasukuma, sauti za katikati zinayeyuka na besi inapungua. Kama bafle ya okazioni imefutika alama, chukua betri ya 1.5V, gusisha nyaya kwa sekunde moja. Karatasi ya bafle ikitoka mbele, waya ulio kwenye chanya ndio mwekundu. Ikiingia ndani, geuza. Usiache betri imeshikilia, gusa na uachie.

MamaWaKatuba

Na umeme? Mnaongea yote mnasahau umeme. Mimi televisheni yangu ya kwanza haikufa siku umeme ulipokatika. Ilikufa siku uliporudi. Ulirudi saa mbili usiku, taa ikawaka nyeupe kama radi, nikasikia harufu. Tangu siku ile umeme ukikatika nachomoa kila kitu, na ukirudi nasubiri dakika kumi ndipo nachomeka.

FundiShaba

Mama amesema lililo kubwa kuliko yote. Risiva hizi za zamani zina transfoma nzito ya 220V, hazina uvumilivu wa vifaa vipya vinavyokubali kuanzia 100 hadi 240. Nunua stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme, na isiwe ndogo kuliko mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya risiva. Iwe ile inayochelewa kuruhusu umeme baada ya kurudi. Wanaotumia betri na sola, angalieni inveta: zile za bei ya chini hazitoi wimbi laini, na transfoma ya risiva inanguruma na bafle zinatoa mvumo. Si risiva mbovu, ni inveta.

YayaBelAir

Nakubali kwamba plagi za rangi ni tatizo, nimewahi kuliona kwa shemeji yangu. Ila bado nasema mtu asiye na fundi karibu achukue seti ya karatoni moja. Si kila mtu ana FundiShaba.

FundiShaba

Hilo nalikubali, yaya. Achukue, lakini akague tundu la mwanga au ARC na maandishi ya Dolby Digital kwenye kifaa chenyewe, si kwenye karatoni peke yake.

MwanaKamalondo (mleta uzi)

Wiki tatu zimepita, nimerudi na taarifa kamili.

Risiva dola 95. Bafle mbili za mbele za mbao, okazioni, za omu 8, dola 60. Bafle ya katikati, ile ya kulala yenye wufa mbili ndogo, dola 30. Waya 12, na niliukwangua mbele ya muuzaji, mwekundu hadi ndani. Stabilizateri 35. Jumla 232. Nyuma hakuna kitu, sabufa hakuna. Nimeiambia risiva ukweli huo: nyuma "hakuna", sabufa "hakuna", ili ipeleke vyote kwa hizi tatu.

Kupanga kulinichukua Jumamosi nzima. Bafle za mbele nilizitoa kabatini, zikaja mbele zikimwelekea mama, kila moja imefungua pembe ya kama nyuzi 30 kutoka alipo. Ya katikati iko chini ya televisheni, na mwanzoni ilikuwa inasema na magoti ya mama. Nikakata kipande cha kandambili ya zamani, nikakiweka chini ya ukingo wa mbele, ikainua uso hadi usawa wa sikio lake. Niliisogeza pia hadi ukingoni mwa meza, maana ilipokuwa ndani kidogo sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea kutoka kwenye debe. Nilipima umbali kwa futi ya fundi: mbele mita 2.9, katikati 2.6, nikaingiza namba zote mbili. Halafu nikawasha ule mvumo wa majaribio, nikaketi kwenye kiti cha mama chenyewe, nikazilinganisha kwa sikio. Mwisho nikapandisha ya katikati desibeli 3.

Kitenge cha mama cha harusi ya dada yangu kiko ukutani nyuma ya kochi, amekichagua mwenyewe. Nikipiga kofi sasa, linakufa.

Jumapili tulitazama filamu moja kati ya zile tano. Nilikaa pembeni nikimtazama yeye, sikutazama filamu. Dakika ishirini hakuuliza kitu. Halafu kuna mahali mwanamke anamnong'oneza mtoto mlangoni, mama akaitikia peke yake, "Eeeh, kumbe alijua." Mimi hicho kinong'ono sikuwa nimekisikia hata kwenye kompyuta yangu. Mvua ilipoanza kupiga mabati aliomba tupandishe kidogo, tukapandisha ya katikati tu, na jirani hakugonga.

Taarifa za habari tunazitazama kwa Pro Logic II na mtangazaji anakaa pale katikati kama FundiShaba alivyosema. Yaliyobaki ni bafle za nyuma. Nimebakiwa na dola 18. Nizipachike urefu gani nikizipata?

FundiShaba

Umenifurahisha mno, ndugu. Za nyuma zisiwe nyuma kabisa ya kichwa. Ziwe pembeni zikirudi nyuma kidogo, nyuzi 110 hivi ukihesabu kutoka televisheni, na juu ya sikio la mama kama nusu mita ili zisimpigie kelele sikioni. Zisiwe kubwa, kazi yao ni ndogo.

Hizo 18 usizitumie, ziweke kwa sabufa. Mimi nina bafle mbili ndogo mezani ambazo mwenyewe hajazifuata tangu mwaka jana na akaniachia. Niambie Jumapili gani mpo, nizilete baada ya misa. Na waya wa milimita 1.5 nao ninao.

MwanaKamalondo (mleta uzi)

Jumapili hii, fundi. Mama anasema usile kabla ya kuja.